Namna ya Kuzibua Bomba la Maji Machafu Katika Nyumba ya Ghorofa

Mtu akaaye Huruma hana haja ya kuelezwa maana ya bomba lililoziba. Akiamka asubuhi hukuta maji meusi yamesimama katika sinki la ujiani, majani ya chai yanaelea juu na ukoko wa ugali umetulia chini. Akirudi jioni huyakuta yako pale pale, na harufu yake imekwisha kuingia vyumbani. Mwenye ploti hapatikani kwa simu. Msimamizi wa nyumba asema ya kuwa fundi atakuja kesho, na kesho ikifika huwa ni kesho nyingine. Basi katika somo la juma hili tutaeleza jinsi wapangaji wenyewe wawezavyo kuzibua bomba kwa vyombo vya bei ndogo, pasipo kuumia wala kuharibu mali ya mtu; tena tutaeleza mahali ambapo yampasa mpangaji akome, kazi amwachie mwenye ujuzi na vifaa.

Watu wengi wakiona maji hayashuki hukimbilia waya, au hukimbilia dukani kununua dawa. Huko ni kuanza mwishoni. Jambo la kwanza ni kujua pameziba wapi, maana katika nyumba ya ghorofa mahali palipoziba na mahali palipofurika huenda pasiwe pamoja.

PAMEZIBA WAPI?

Hebu tutazame jinsi nyumba zetu zilivyojengwa. Mtaa wa Huruma ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 juu ya viwanja vidogo, na nyumba za kwanza hazikuwa ndefu. Baadaye wenye viwanja wakaongeza ghorofa juu ya ghorofa, na leo nyumba za ghorofa sita, saba, hata nane zimesimama zikitazamana, nguo zimeanikwa katika kila roshani. Katika nyumba nyingi za namna hiyo vyumba hupangishwa kimoja kimoja katika pande mbili za ujia, na wapangaji wa ghorofa moja hushiriki choo, bafu na sinki. Maji ya sinki hupita katika bomba jembamba, lenye upana wa inchi moja na nusu hivi, yakaingia katika bomba nene lisimamalo ukutani toka juu hata chini. Bomba hilo la wima hupokea maji ya ghorofa zote. Likifika chini hukata kona, likalala chini ya ardhi, likaenda hata kwenye shimo lenye mfuniko ambalo mafundi huliita chemba. Toka chemba maji huingia katika bomba kubwa la jiji lipitalo barabarani.

Mpango huu ni kama vijito viingiavyo mtoni. Mtu akiziba kijito kwa mawe, maji hujaa upande wa juu wa mawe yale, na upande wa chini hukauka. Ndivyo ilivyo katika bomba. Mwenye kuishika kanuni hii moja amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

Kama sinki lako peke yake ndilo lililosimamisha maji, na bafu na choo cha ghorofa yako vyashusha vizuri, kizuizi kiko karibu nawe, pengine hatua moja tu toka mkono wako. Kama sinki na bafu la ghorofa yako vimesimama vyote pamoja, lakini jirani wa chini yako hana shida, basi bomba la ghorofa yenu limeziba kabla halijafika kwenye lile la wima. Lakini kama maji yapanda katika sinki au tundu la bafu la ghorofa ya chini wakati ambapo hakuna mtu wa chini aliyemwaga hata kikombe, na huko juu watu wanafua, hapo bomba la wima au lile la ardhini ndilo lenye kizuizi. Mpangaji wa chini aweza kuhangaika na sinki lake mpaka viganja vimchubuke, asipate kitu, kwa kuwa sinki lake halina kosa.

Wahenga walisema ya kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Katika nyumba ya ghorofa sita methali hii yahitaji kutazamwa tena: atupaye nepi chooni ghorofa ya tano hali chochote, maji yake hushuka kama kawaida, alaye ni yule wa chini, ambaye labda hata jina la yule wa juu halijui. Ugomvi mwingi wa ngazini watoka hapo. Kwa hiyo kabla ya kulaumiana, fanyeni jaribio. Mtu mmoja apande ghorofa ya juu na ndoo ya maji, wengine wasimame kila ghorofa karibu na sinki. Yule wa juu amwage ndoo nzima kwa mara moja. Wa kila ghorofa asikilize: maji yapitayo bila kizuizi huvuma na kutoweka, maji yakutanayo na kizuizi hulia gudu-gudu, kwa kuwa hewa hutafuta njia ya kutokea, na sinki lililo karibu na kizuizi huanza kupumua na kupanda. Katika muda wa dakika chache nyumba nzima itajua pa kuanzia.

KWA NINI TUSINGOJE

Yako mambo ya nyumba yawezayo kungoja mwisho wa mwezi. Bawaba ya mlango yaweza kungoja. Maji machafu hayangoji, na sababu yake si harufu peke yake.

Mahali pengi katika Huruma na katika bonde la Mathare mabomba membamba ya maji ya kunywa yamelazwa kando ya mitaro ya maji machafu, au ndani yake kabisa, kwa sababu hapana nafasi nyingine. Nayo maji hutolewa kwa zamu. Siku ambayo maji yapo, bomba hujaa, na nguvu ya maji husukuma toka ndani kwenda nje. Kama pana tundu, maji safi huvuja, na hasara ni ya shilingi tu. Siku ambayo maji yamefungwa, bomba huwa tupu na huweza kuvuta, na kile kilichoko mtaroni huingia kwa tundu lile lile. Maji yakifunguliwa tena, mtu wa kwanza kukinga ndoo hupata vile vilivyoingia usiku. Kwa njia hii maji yaliyofurika toka choo cha nyumba moja yaweza kufika katika kikombe cha mtoto wa nyumba nyingine, ng'ambo ya barabara. Nairobi ilipatwa na kipindupindu mwaka 2015, ikapatwa tena mwaka 2017, nao ugonjwa huo huenea kwa maji na vyakula vilivyoingiwa na kinyesi. Basi wakati bomba la nyumba yenu au la jirani limefurika, ndoo ya kwanza baada ya mgawo iwe ya kuoshea sakafu, na maji ya kunywa yachemshwe.

Kuna na jambo la msingi wa nyumba. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita iliyokuwa karibu na mto hapa Huruma ilianguka, wakafa watu zaidi ya 40. Haisemwi ya kuwa sinki lililoziba ndilo lililoiangusha. Walakini ardhi iliyolowa siku zote haibebi uzito kama ardhi kavu, na udongo mweusi wa pande za mashariki ya Nairobi huvimba ukipata maji na kupasuka ukikauka. Bomba la ardhini livujalo chini ya ukuta kwa miezi si jambo la kupuuzwa. Nyufa mpya zikionekana ukutani karibu na mahali palipolowa, habari itolewe upesi, wala rangi isipakwe juu yake.

KUZIBUA SINKI

Tuseme mmekwisha kuona ya kuwa kizuizi kiko katika sinki lenu. Tayarisheni mpira wa kuzibulia wenye mpini wa mti, ndoo mbili, matambara, glavu za mpira, na waya mrefu uliosukwa. Waya wa breki ya baiskeli hufaa sana kwa kuwa hupinda bila kuvunjika.

Kwanza choteni maji machafu kwa kikombe hata yabaki kiasi cha kufunika kichwa cha mpira. Toeni kwa mkono kila kitu kigumu kilicho katika tundu. Kama sinki lina tundu dogo upande wa juu, lile la kuzuia maji yasimwagike sakafuni, lizibwe kwa tambara lililoloweshwa. Jambo hili wengi hulisahau, kisha wakasema mpira haufai kitu; kumbe nguvu yote imepita katika tundu lile. Kama masinki ni mawili yaliyounganishwa, la pili nalo lizibwe.

Laza mpira ubavu ndani ya maji ili hewa itoke, ndipo uusimamishe juu ya tundu. Sukuma chini, kisha vuta juu, kwa mfululizo, mara kumi na tano au ishirini, bila kuubandua. Watu hutumia nguvu zao zote katika kusukuma na kuvuta kwa ulegevu. Afadhali iwe kinyume chake. Kizuizi cha sinki mara nyingi ni mchanganyiko wa mafuta, nywele na makombo. Ukikisukuma tu, hushindiliwa zaidi, bali ukikivuta hulegea na kukatika. Mara ya mwisho bandua mpira kwa ghafula. Maji yakianza kushuka, mimina maji ya moto pamoja na sabuni ya vyombo. Yawe ya moto, yasiwe yanayotokota: mabomba mengi ya siku hizi ni ya plastiki, na maji yaliyotoka motoni papo hapo huyalegeza, viungo vikaanza kuvuja.

Kama mpira haukufaa baada ya majaribio matatu au manne, ni wakati wa kufungua trapu.

TRAPU NA KAZI YAKE

Chini ya sinki utaona bomba halishuki moja kwa moja, bali limepindwa kama herufi U, kisha likaingia ukutani. Kipindo hicho ndicho trapu. Wengine hudhani ni fundi aliyekosea vipimo, na nimeona nyumba ambazo trapu imeondolewa, likatiwa bomba lililonyoka ili kuokoa pesa. Lakini katika nyumba nzima hakuna kifaa chenye akili kuliko hicho. Maji kidogo hubaki katika kipindo siku zote, yakawa kama mlango: maji machafu hupita kwenda chini, hewa ya bomba la majitaka haiwezi kupanda juu. Aliyepata hati ya kwanza ya serikali kwa choo chenye bomba lililopindwa namna hiyo alikuwa Alexander Cumming, fundi wa saa kutoka Uskoti, mwaka 1775, naye alifanya kazi yake London. Toka siku hizo hadi leo hakijapatikana kilicho chepesi kukishinda.

Thamani ya maji yale machache ilionekana huko Hong Kong mwezi wa Machi 2003. Katika nyumba za ghorofa nyingi ziitwazo Amoy Gardens, zaidi ya watu 300 walishikwa na SARS, ugonjwa mkali wa mapafu. Wachunguzi waliona ya kuwa trapu nyingi za sakafu za mabafu zilikuwa zimekauka, hewa ya bomba la majitaka ikapata njia ya kupanda vyumbani. Yamfaa basi msomaji wa Huruma kujua hili: harufu ya choo ikitoka katika tundu la bafu ambalo halikutumiwa siku nyingi, huenda hapana kitu kilichoziba. Trapu imekauka. Dawa yake ni kikombe viwili vitatu vya maji. Mtu asafiriye mashambani kwa likizo amwage maji katika kila tundu kabla ya kuondoka, na arudipo amwage tena.

Kufungua trapu si kazi ngumu. Weka ndoo tupu chini yake. Fungua zile pete mbili za plastiki kwa mkono. Kama zimekaza, zungushia tambara, wala usitumie spana kwa nguvu, maana plastiki hupasuka. Trapu ikitoka, maji yake yataanguka ndoani pamoja na uchafu. Itoe iliyobaki kwa kijiti, uioshe katika ndoo ya pili kwa maji ya sabuni. Angalia usije ukamwaga maji ya ndoo katika sinki lile lile ambalo trapu yake umeishika mkononi; ni jambo la kuchekesha mpaka litokee katika ujia wako mwenyewe. Kabla ya kurudisha, ingiza waya katika bomba la ukutani, ukiuzungusha polepole, uone kama wapita. Ukikwama mahali pamoja na kurudi na nywele au mafuta, endelea. Ukipita mikono miwili au mitatu bila kukuta kitu, na maji bado hayashuki, kizuizi kiko mbali. Rudisha trapu, ukitazama ya kuwa zile pete laini za mpira zimekaa mahali pake, kisha fungua maji na upapase viungo kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, kaza kidogo.

Tundu la sakafu ya bafu ni jepesi zaidi. Ondoa kichujio, vuta nywele kwa waya uliopindwa ncha kama ndoana, kisha tumia mpira. Choo cha kuchuchumaa huzibuliwa kwa ufagio wa zamani uliofungwa matambara mazito kichwani, nao hufanya kazi ile ile ya mpira: kusukuma na kuvuta. Ufagio huo usirudi tena kufagia.

DAWA ZA KUMIMINA

Yauzwa madukani madawa ya kuzibulia, mengi yakiwa na kostiki soda ndani yake. Wako na watu wamiminao maji ya betri ya gari. Mimi naona ya kuwa mpangaji wa nyumba yenye watoto ujiani aziache zote mbili. Kostiki huyeyusha mafuta na nywele, ni kweli, lakini haiwezi kitu mbele ya tambara, nepi au mchanga. Itabaki imekaa juu ya kizuizi, ikimngoja mtu wa kwanza atakayetia mkono au kupiga mpira, imrukie machoni. Kama mtu ameazimia kuitumia, avae glavu na kulinda macho. Atie kostiki katika ndoo ya plastiki yenye maji baridi, asimwage maji juu ya kostiki, maana huchemka na kuruka. Asiikoroge katika sufuria ya alumini kamwe: huila sufuria na kutoa hewa iwakayo moto.

Dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini isichanganywe na maji ya betri wala dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo huchoma mapafu, na choo cha ujiani hakina dirisha la kutosha. Na yeyote aliyekwisha kumwaga dawa, fundi akija, amwambie kabla hajashika chombo.

VITU VIZIBAVYO

Mafuta ndiyo adui wa kwanza. Yakiwa ya moto hushuka kama maji, na mpishi hufurahi; yakifika katika bomba baridi huganda na kushika ukuta wake, kisha kila punje ya wali na kila jani la chai hunata hapo. Mwezi wa Septemba 2017 huko London, pande za Whitechapel, wafanyakazi wa majitaka walikuta bonge la mafuta yaliyogandamana na nepi na vitambaa vya kujifutia, urefu wake mita 250 na uzito wake ukikisiwa kuwa tani 130. Iliwachukua majuma mengi kuliondoa. Ikiwa mji wenye mabomba mapana kama yale wapata shida hiyo, bomba letu la inchi moja na nusu lifanyeje? Sufuria ya nyama au kikaangio cha chapati kifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Majani ya chai yachujwe na kutiwa katika takataka. Sufuria zisuguliwazo kwa mchanga au majivu zisuuzwe katika karai kwanza, mchanga utulie chini, maji ya juu ndiyo yamwagwe; mchanga hauozi wala hauyeyuki, nao ukilala katika bomba la ardhini hukaa kama kizingiti. Nepi, pamba za akina mama, nywele za kusukia na vitambaa visiingie chooni kwa sababu yoyote. Kila ghorofa iwe na ndoo yenye kifuniko kwa vitu hivyo. Akina mama wengi hutupa chooni kwa kuona haya, si kwa uzembe, na ndoo ya wazi haitaondoa haya hiyo.

KAZI YA CHEMBA

Jaribio la ndoo likionyesha ya kuwa bomba la ardhini ndilo lililoziba, hii si kazi ya mtu mmoja tena. Yahitaji watu wawili au watatu, na ruhusa ya msimamizi wa nyumba. Watoto waondolewe. Mtu asivute sigara wala kuwasha kiberiti, kwa kuwa katika chemba huwamo hewa iwezayo kuwaka. Mfuniko uinuliwe kwa vyuma viwili, kila mtu upande wake, kisha waondoke kando kwa muda hewa ipite.

Hapo itazameni chemba. Kama imejaa, kizuizi kiko mbele, kati ya chemba hiyo na barabara. Kama ni tupu na kavu huku nyumba imefurika, kizuizi kiko nyuma, kati ya chemba na nyumba. Fimbo za kuzibulia, zile ndefu ziungwazo moja kwa moja kwa skrubu, huingizwa toka juu, mtu akiwa amesimama nje ya shimo. Zikiingizwa zizungushwe upande wa kulia tu, kama mtu akazaye parafujo. Ukizungusha kushoto, zitafunguka ndani ya bomba, na badala ya kizuizi kimoja mtakuwa na viwili. Kizuizi kikiachia, mmoja akingie uchafu mgumu kwa reki usiende kuziba chemba ya jirani. Uchafu huo utiwe chokaa au majivu, ufungwe katika gunia na kuchukuliwa, usimwagwe mtaroni ambako maji ya kunywa hupita.

Sasa neno lililo zito kuliko yote katika somo hili. Mtu asiingie ndani ya chemba. Asiingie hata kama haina kina kirefu, wala kuokota fimbo iliyoanguka. Uchafu uozao mahali pasipo hewa hutoa hewa yenye harufu kama ya mayai yaliyooza. Ikiwa kidogo, pua huitambua. Ikizidi, huua nguvu ya pua, mtu akadhani imekwisha, kumbe imeongezeka. Na kwa pumzi moja au mbili huanguka. Mwenzake akiona ameanguka humrukia kumwokoa, naye akaanguka juu yake. Hivyo ndivyo watu wawili watatu hufa katika shimo moja. Mtu akianguka chembani, wenzake wabaki juu, wapige kelele za msaada, waite wazima moto, na kama alikuwa amefungwa kamba wamvute kwa kamba. Wafanyakazi wa majitaka waliofunzwa huingia kwa kipimo cha hewa, kamba na chombo cha kupumulia. Asiye navyo hana kazi humo.

NI KAZI YA NANI?

Mabomba yaliyo ndani ya mpaka wa ploti ni juu ya mwenye nyumba. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo ilitungwa mwaka 1921 na ambayo imerekebishwa mara kadhaa, huhesabu mtaro au bomba chafu lenye kudhuru afya kuwa ni kero, na afisa wa afya aweza kumpa mwenye nyumba ilani ya kuiondoa. Tangu mwaka 2013 kazi hiyo ya afya iko chini ya serikali ya kaunti. Mpangaji aliyezibua bomba kwa mkono wake hajampunguzia mwenye ploti wajibu huo, na haki ya kudai mabomba mapana zaidi yabaki pale pale.

Toka mpaka wa ploti kwenda mbele ni kazi ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi. Maji ya mabomba makuu ya mashariki huenda kusafishwa katika mtambo wa Kariobangi na katika mabwawa makubwa ya Ruai. Yale yafurikayo mitaroni hayafiki huko. Huteremka Mto Mathare, yakaingia Mto Nairobi, kisha Athi, na huko chini mto huo huitwa Galana na Sabaki, hata ukaingia baharini karibu na Malindi.

Aendaye kutoa habari katika ofisi ya kampuni asiseme tu ya kuwa maji yamefurika, maana kila mtu husema hivyo. Aseme barabara gani, ploti gani, tangu siku gani, na hasa aseme ya kuwa wamefungua mifuniko ya ploti yao na ya jirani, wakaona chemba zote mbili zimejaa. Kwa neno hilo karani atajua ya kuwa kizuizi kiko katika bomba la jiji, wala hatamrudisha kwa mwenye ploti. Aombe namba ya malalamiko, aiandike pamoja na tarehe, na karatasi hiyo ibandikwe ngazini chini, mahali ambapo wapangaji wa ghorofa zote hupita.